Namna ya Kuwa Mbunifu wa Gemu za Mikakati: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mbunifu wa gemu za mikakati ni mtu anayetunga sheria. Picha huchorwa na wachoraji, muziki hutungwa na wanamuziki, na programu huandikwa na waandishi wa programu, lakini suala la askari mmoja agharimu dhahabu kiasi gani, mji ukue kwa kasi ipi, na mchezaji ajue nini kuhusu jirani yake kabla ya kumtangazia vita ni lake yeye. Sid Meier, aliyeanzisha kampuni ya MicroProse pamoja na Bill Stealey mwaka 1982 na kutoa Civilization mwaka 1991, amekuwa akieleza kwamba mchezo ni mfululizo wa maamuzi yenye kuvutia, na maelezo hayo yanafaa kuwa kipimo cha kazi yote inayofuata. Uamuzi ambao jibu lake ni lile lile kila mara hauvutii, na uamuzi ambao mchezaji hawezi kukisia matokeo yake hauvutii pia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu ambaye bado hajatengeneza gemu yoyote, mwenye kompyuta ya kawaida na muda wa jioni, anayetaka kujua aanzie wapi na afike wapi kabla ya kuomba kazi au kuuza gemu yake mwenyewe. Hatua zimepangwa kwa makusudi, na inafaa zifuatwe kama zilivyo, kwa sababu wengi huanza na injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, ambayo hapa imewekwa katika hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: cheza ukiwa na kalamu

Kuzipenda gemu hakutoshi kumfanya mtu azielewe. Chagua gemu chache zinazotofautiana kwa namna zinavyoendeshwa: moja ya zamu, kama Civilization, moja ambayo pande zote zinatenda kwa wakati mmoja, aina iliyopata umbo lake kupitia Dune II ya mwaka 1992 na kuenea zaidi kupitia Age of Empires ya mwaka 1997, na moja ya utawala wa dola kwa karne kadhaa, kama Europa Universalis, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000. Katika kila moja andika mahali ulipolazimika kusimama na kufikiri, na mahali ulipobonyeza tu bila kufikiri. Sehemu ya pili ndiyo yenye mafunzo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mbunifu alipoacha uamuzi uliokufa.

Msomaji wa pwani ana kitabu kingine ambacho wabunifu wa Stockholm na Maryland, kulikotengenezwa Europa Universalis na Civilization, hawakukua nacho, nacho ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, na halina bahati nasibu yoyote, lakini michezo miwili haifanani. Ichunguze sababu. Mchezo una awamu mbili: katika kunamua, kila mchezaji anaingiza kete moja kwa kila zamu kutoka kwenye 22 alizobaki nazo mkononi, na zikiisha mchezo unaingia katika mtaji, ambapo kinachotumika ni kilichopo ubaoni pekee. Anayeweza kula analazimika kula, hivyo mchezaji hodari humlazimisha mwenzake ale mahali pasipo na faida. Kisha ipo nyumba, shimo linaloanza na kete sita, ambalo mwenyewe akifika kwalo anaposambaza baada ya kula anaweza kuchagua kusimama au kuendelea na safari. Hapo pana akiba inayoongezeka thamani kadiri isivyotumiwa na hatari inayoongezeka pamoja nayo, yaani uamuzi kamili ndani ya shimo moja. Mtu akiweza kueleza kwa maandishi kwa nini mchezo ungepwaya kama nyumba ingeondolewa, ameanza kazi ya ubunifu, hata kama hajagusa kompyuta.

Hatua ya pili: tengeneza gemu ya karatasi

Bruce Shelley, aliyefanya kazi na Meier katika Railroad Tycoon na Civilization na baadaye akawa miongoni mwa wabunifu wa Age of Empires, alitoka Avalon Hill, kampuni iliyojulikana kwa michezo ya vita ya mezani. Karatasi inakuruhusu kubadilisha sheria katikati ya mchezo kwa kufuta na kuandika upya, jambo ambalo kwa programu lingekula wiki nzima.

Chukua mada unayoijua kwa undani. Mfano utakaotumika hapa ni biashara ya majahazi katika Bahari ya Hindi, kwa sababu upepo wake tayari una sheria za mchezo ndani yake. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Na katika Juni na Julai bahari huchafuka kiasi cha kuzuia safari ndefu, mpaka demani upepo unapopungua. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mahali ambapo chombo kutoka Uarabuni kingeweza kufika na kurudi bila kupoteza msimu, huku dhahabu ikitoka Sofala, kusini zaidi. Mbunifu hahitaji kubuni tatizo hapa. Historia imekwisha kumpa.

Chora miji mitano kwa mstari: Sofala, Kilwa, Mombasa, Lamu na Muscat. Kila zamu ni mwezi mmoja. Jahazi likifuata upepo linasogea miji miwili, likienda kinyume halisogei. Mchezaji aliyeko Kilwa mwezi wa Aprili ana nusu ya shehena, pembe na boriti, na anasubiri chombo cha dhahabu kutoka Sofala. Aondoke sasa na alicho nacho, angoje Mei kwa matumaini ya dhahabu, au aahirishe safari mpaka demani na kukuta soko limejaa? Sheria zote za kuanzia zienee ukurasa mmoja. Ukiona unahitaji ukurasa wa pili kabla ya mtu yeyote kuucheza mchezo, punguza, kwa maana bado hujui sheria zipi zinafanya kazi na zipi ni pambo tu.

Wanaoanza huwa na kishawishi cha kuongeza maharamia, ndoa za kifalme, dini na magonjwa. Yote hayo yalikuwepo na yote yanaweza kuja baadaye, lakini uamuzi wa Kilwa usipokuwa mtamu peke yake, maharamia hawatauokoa.

Hatua ya tatu: hamia kwenye lahajedwali

Kazi hii inahitaji hesabu za kawaida za uwezekano, zile za kidato cha tatu na cha nne, na aliyezikimbia shuleni atalazimika kuzirudia. Tuseme nusu ya shehena inauzwa kwa 6 na shehena kamili kwa 10. Chombo cha Sofala kinafika Mei kama dadu ikionyesha 1 hadi 4, na atakayechelewa anakuta bei ya mzigo wake imeshuka kwa 2 endapo ana nusu tu. Anayeondoka Aprili ana uhakika wa 6. Anayengoja anapata 10 mara mbili katika kila tatu na 4 mara moja, wastani wake ukiwa 8. Kumbe hakuna uamuzi: kungoja ni bora daima, na baada ya michezo michache kila mchezaji atakuwa amegundua hivyo.

Sasa rekebisha. Acha bei ishuke kwa 2 kwa kila anayechelewa, awe na shehena kamili au nusu, na chombo cha Sofala kifike kwa dadu ya 1 hadi 3 tu. Anayengoja anapata 8 au 4 kwa uwezekano sawa, wastani 6, sawasawa na anayeondoka mapema. Usawa huu wa karatasi haupaswi kuonekana kama kosa, kwa sababu sasa jibu linategemea hali ya mezani: anayeongoza atachukua 6 za uhakika, aliyeachwa nyuma atacheza kamari ya 8, na kama jahazi la mpinzani limekwisha kutia nanga Muscat hesabu yote inabadilika tena. Uamuzi umehama kutoka kwenye hesabu na kuingia kwa wachezaji wenyewe, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa.

Weka kila namba ya mchezo katika lahajedwali moja, yaani jedwali la kompyuta linalokokotoa lenyewe: gharama, kasi, bei, uwezekano. Unapotaka kubadilisha namba, fuata desturi ya Meier ya kuizidisha mara mbili au kuikata nusu badala ya kuongeza asilimia tano, kwa kuwa badiliko kubwa linaonyesha mara moja kama namba ile ina uzito wowote katika mchezo. Ikizidishwa mara mbili na mchezo ukabaki vile vile, iondoe kabisa.

Hesabu sahihi hata hivyo si lazima ihisiwe kuwa sahihi. Katika hotuba aliyoitoa San Francisco mwaka 2010, Meier alieleza yaliyotokea walipokuwa wakitengeneza Civilization Revolution: wachezaji waliopewa nafasi ya kushinda ya tatu kwa moja walikasirika waliposhindwa, ingawa kihesabu kushindwa mara moja katika kila nne ni jambo la kawaida, lakini wao wenyewe waliposhinda kwa nafasi ya moja dhidi ya tatu hawakulalamika hata kidogo. Watengenezaji walirekebisha mchezo uendane na hisia hiyo. Mbunifu anayemwambia mchezaji kwamba hajui hesabu amemshinda kwa hoja na kumpoteza kama mteja.

Hatua ya nne: jifunze programu, na uanze na modi

Inawezekana kuwa mbunifu bila kuandika programu, lakini katika gemu za mikakati si jambo la kushauri. Sheria zenyewe ndizo programu, na mpinzani anayeendeshwa na kompyuta, yaani akili bandia ya mchezo, anapaswa kuzielewa sheria ulizotunga. Brian Reynolds, mbunifu wa Civilization II, na Soren Johnson, mbunifu mkuu wa Civilization IV, wote wawili waliandika programu kwa mikono yao, na Johnson aliandika pia akili bandia ya gemu alizobuni. Mbunifu wa namna hiyo anajua mapema ni sheria ipi kompyuta haitaweza kuicheza. Civilization V ya mwaka 2010 iliruhusu kikosi kimoja tu katika kila kigae cha ramani; vita vya mipakani vikawa na mvuto mpya, lakini vikosi vilisongamana njiani na akili bandia ikapata taabu kuvipanga. Sheria nzuri mezani ilikuwa na gharama ndani ya mashine.

Kwa anayeanza, Godot ni injini isiyo na malipo wala mrabaha na inafanya kazi kwenye kompyuta dhaifu. Unity, inayotumia lugha ya C#, inatajwa zaidi katika matangazo ya kazi. Chagua moja na usihamehame.

Kabla ya kujenga gemu kutoka sifuri, tengeneza modi, yaani badiliko la gemu iliyopo. Civilization IV iliweka takwimu zake katika mafaili ya maandishi ya XML na sehemu ya mantiki yake katika lugha ya programu ya Python, hivyo mtu mwenye kihariri cha maandishi anaweza kubadilisha gharama ya mji na kuona matokeo dakika hiyo hiyo. Njia hii imewafikisha watu mbali. Jon Shafer alitoka miongoni mwa watengenezaji wa modi za Civilization III, akaingia Firaxis, kampuni inayotengeneza Civilization, akiwa bado kijana wa chuo, na akawa mbunifu mkuu wa Civilization V. Nayo DotA, iliyozaa aina nzima ya gemu, ilianza kama ramani iliyotengenezwa na mashabiki ndani ya Warcraft III.

Anayetafuta mada ya modi asiende mbali. Katika Civilization VI, Zanzibar ipo kama dola ya mji inayompa mlezi wake mdalasini na karafuu, Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu yanayojengwa, na Kilimanjaro ni ajabu la asili. Wimbo wa kufungulia Civilization IV, uliotungwa na Christopher Tin, ni sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Pamoja na hayo, miji ya Waswahili haikuwekwa kama taifa la kuchezwa katika matoleo hayo. Kuibuni kama taifa lenye nguvu zake na udhaifu wake, kwa sheria zinazotokana na pepo za misimu badala ya asilimia za ziada zilizobandikwa tu, ni zoezi litakaloonekana vizuri katika jalada la kazi.

Hatua ya tano: wape watu wacheze, nawe unyamaze

Mpe mtu gemu yako, kaa nyuma yake, na usiseme neno. Akiuliza afanye nini, andika swali lake. Akibonyeza mahali pasipo na kitu, andika mahali hapo. Ndugu na marafiki watasifu, kwa hiyo tazama mikono yao zaidi ya maneno yao. Ijaribu na mtu ambaye hajawahi kucheza gemu za aina hii, kisha ijaribu na yule mwenye ari ya kushinda kwa njia yoyote, kwa sababu huyo wa pili ndiye atakayeivunja.

Soren Johnson amewahi kuandika kwamba wachezaji wakipewa nafasi watafuata njia yenye faida kubwa hata kama njia hiyo inaua raha ya mchezo. Mfano bora unatoka katika mfululizo ule ule wa Civilization. Katika matoleo ya mwanzo, mbinu iliyolipa ilikuwa kujaza ramani kwa vijiji vidogo vilivyosongamana, kwa kuwa kila mji mpya ulikuwa faida tupu. Ilichosha kucheza hivyo, lakini ilishinda. Civilization III ya mwaka 2001 ilijaribu kuzuia kwa ufisadi: mji ulio mbali na makao makuu ulipoteza karibu mapato yake yote. Tatizo lilibaki, kwa kuwa hata mji uliooza ulishika ardhi na haukugharimu kitu, na juu yake likaongezeka manung'uniko, maana mchezaji aliona mali yake ikiyeyuka bila la kufanya.

Civilization IV ya mwaka 2005 iligeuza sheria. Ufisadi uliondolewa, na badala yake kila mji ukawa na gharama ya matunzo inayopanda kwa idadi ya miji na umbali kutoka makao makuu. Anayepanuka haraka mno anaona hazina ikikauka na utafiti ukisimama, lakini miji ile ikishakua inaanza kujilipa. Swali la mchezaji likabadilika kutoka “niweke mji mwingine wapi?” na kuwa “je, naumudu sasa, au nisubiri?” Linganisha sheria hizo mbili kwa makini. Zote zinapunguza upanuzi, lakini ya kwanza inaadhibu baada ya tendo na ya pili inaweka bei kabla ya tendo. Katika maoni yangu hakuna somo moja la ubunifu wa mikakati linalozidi hili kwa manufaa, na kila mara unapokuta wachezaji wako wanafanya jambo la kuchosha kwa sababu linalipa, jiulize kwanza kama jambo hilo lina bei inayoonekana.

Hatua ya sita: kamilisha gemu ndogo

Gemu kubwa isiyokwisha haimsaidii mwajiri kukupima. Into the Breach ya mwaka 2018 inachezwa kwenye ubao wa vigae nane kwa nane, na kila shambulio la adui linaonyeshwa kabla halijatokea. Iliundwa na Subset Games, kampuni iliyoanzishwa na watu wawili, Justin Ma na Matthew Davis, baada ya FTL yao ya mwaka 2012. Udogo wa ubao ndio uliowawezesha kupima kila hatua.

Shiriki katika mashindano ya kutengeneza gemu kwa siku chache, kama Ludum Dare au Global Game Jam, kisha chukua kilichobaki hai baada ya mashindano na ukikamilishe kweli: menyu, sauti, mafunzo ya mwanzo kwa mchezaji mpya, na uwezo wa kuhifadhi mchezo. Mafunzo ya mwanzo yatakutesa kuliko ulivyotarajia, kwa sababu gemu ya mikakati inaficha mambo mengi, na mafunzo hayo yakizidi kuwa marefu mchezaji ataondoka kabla hajaonja uamuzi wa kwanza.

Hatua ya saba: tafuta kazi

Jalada la kazi liwe na gemu mbili au tatu zinazochezeka, modi moja, na maandishi mafupi yanayoeleza badiliko moja la sheria: tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini, wajaribu walifanya nini, na kwa nini ulibakiza ulichobakiza. Waajiri wa wabunifu husoma maandishi hayo kwa makini kuliko picha. Mawazo ya gemu ambazo hazijatengenezwa yaache nyumbani.

Nafasi za mbunifu kwa asiye na uzoefu ni chache kila mahali, hivyo wengi huingia kupitia mlango wa jirani: kupima ubora, kuandika programu, kutengeneza ramani na matukio, au mafunzo ya vitendo. Kampuni kubwa za aina hii ziko Marekani na Ulaya, kwa mfano Firaxis huko Maryland, Paradox huko Stockholm na Creative Assembly huko Horsham, Uingereza. Afrika nayo ina kampuni zake, kama Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 ikiwa na mizizi Accra na Nairobi, na Kiro'o Games ya Kamerun. Hizi hazijajikita katika mikakati, lakini uzoefu wa kumaliza gemu pamoja na timu unahesabika popote.

Ukishirikiana na rafiki, andikeni makubaliano ya nani anamiliki nini kabla ya kuanza. Urafiki hauzuii kuandika.

Hatua ya nane: kuuza mwenyewe

Steam inatoza dola 100 kwa kila gemu, fedha ambayo hurudishwa mauzo yakifikia dola 1,000, na kwa kawaida inabakiza asilimia 30 ya mapato. Google Play inatoza dola 25 mara moja tu, ingawa akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza kufanya majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kwenye itch.io unaweza kuweka gemu bila ada, na ni mahali pazuri pa kupata wajaribu wa mwanzo.

Kwa mauzo yanayofanyika Marekani, muuzaji wa nje hujaza fomu ya W-8BEN, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo, asilimia 30 ya sehemu hiyo huweza kukatwa. Uingize makato hayo katika bei tangu mwanzo, na uulize benki yako kuhusu ada za kupokea fedha kutoka nje kabla ya kuijaza namba ya akaunti. Ukurasa wa gemu uwekwe hadharani miezi kadhaa kabla ya mauzo pamoja na toleo dogo la kuonja, na toleo hilo limfikishe mchezaji kwenye uamuzi wake mgumu wa kwanza ndani ya dakika kumi: jahazi liko Kilwa, ni Aprili, na chombo cha Sofala bado hakijaonekana.